Ada za Wakili Unapouza au Kununua Nyumba Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanunuzi wengi wa nyumba Mombasa huijua bei ya nyumba muda mrefu kabla ya kujua gharama ya kuihamisha ije kwa jina lao. Wameshaelewana na muuzaji, pengine arbuni imeshatoka, ndipo wanauliza: "Na wakili je, ni ngapi?" Swali hilo lilifaa kutangulia. Majibu haya ni ya kukusaidia ukadirie mapema. Viwango ni vya sheria za Kenya nzima, lakini mifano ni ya hapa kwetu, maana nyumba za Mombasa zina mambo yake ambayo hesabu za Nairobi haziyagusi.

Kabla ya yote, jua kwamba bili ya wakili huwa na mafungu mawili. Lipo fungu linalobaki kwake kwa kazi aliyoifanya, na lipo fungu linalopita tu mkononi mwake kwenda serikalini. Mtu husema wakili amemkata laki tatu, kumbe karibu laki mbili zimekwenda KRA, mamlaka ya kodi. Usipoyatenga mafungu haya huwezi kulinganisha wakili na wakili, wala kujua umeonewa wapi.

Ada ya wakili huhesabiwaje?

Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili, iliyorekebishwa mwaka 2014, inayoweka kiwango cha chini kulingana na bei ya nyumba. Kwa nyumba ya hadi shilingi milioni 5, ada ni asilimia 2 ya bei au shilingi 35,000, ile iliyo kubwa kati ya hizo. Bei ikipita milioni 5, asilimia inayotozwa kwenye kile kilichozidi hushuka, na huzidi kushuka kadiri bei inavyopanda. Juu ya ada huongezwa VAT ya asilimia 16.

Tuseme kiwanja chenye nyumba ndogo Kisauni kinauzwa shilingi milioni 1.2. Asilimia 2 ni 24,000, nayo iko chini ya 35,000, kwa hiyo ada inakuwa 35,000. Ongeza VAT ya 5,600, unapata 40,600.

Hiyo ni ada ya upande mmoja. Mnunuzi humlipa wakili wake, na muuzaji humlipa wa kwake.

Nanunua nyumba ya shilingi milioni 4.8 Bamburi. Nijiandae na ngapi juu ya bei?

Ada ya wakili wako ni asilimia 2, yaani 96,000. VAT yake ni 15,360. Jumla ya wakili ni 111,360.

Ushuru wa stempu kwa nyumba iliyo mjini ni asilimia 4, yaani 192,000. Huu ni wa mnunuzi, na hulipwa KRA kwa PIN yako mwenyewe.

Umeshafika 303,360. Kisha kuna gharama ndogondogo: sachi ya hati (kuangalia kwenye daftari la serikali ardhi ni ya nani), ada ya usajili, mthamini, na sorovea wa kukuonyesha bikoni, yaani alama za mipaka, ziliko. Kila ofisi huziandika kwa namna yake, wengine kwa jina la "matumizi". Omba kila kimoja kiandikwe peke yake. Kwa nyumba ya mjini ya bei ya aina hii, mimi humwambia mtu atenge kama asilimia 7 ya bei, mbali na bei yenyewe. Hapo huwa amesalia na nafasi ya kupumua.

Jambo moja huwashtua wengi. Ushuru wa stempu haufuati lazima bei mliyoiandika kwenye mkataba. Mthamini wa serikali akiona bei iko chini ya soko, ushuru hukatwa kwa thamani aliyoiona yeye. Ukinunua kwa ndugu kwa bei ya huruma, usifikiri ushuru nao utakuwa wa huruma. Na wale wanaoshauriana kuandika bei ndogo kwenye karatasi ili kukwepa ushuru wanavunja sheria, tena mnunuzi anajiumiza: mauziano yakiharibika, mkataba unaoonyesha milioni 2 hauwezi kumdai mtu milioni 4.8.

Kuna msamaha wa ushuru wa stempu kwa anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Kama nyumba yako iko katika mradi wa aina hiyo, muulize wakili mapema ikiwa unaingia. Nyumba ya kawaida iliyonunuliwa kwa mtu binafsi haimo, hata kama ndiyo ya kwanza maishani mwako.

Kuna mtu ameniambia atanifanyia kazi yote kwa elfu kumi na tano. Nimkubali?

Uliza kwanza ni wakili kweli. Sheria ya Mawakili inakataza mtu asiye wakili mwenye leseni kuandaa hati za kuhamisha ardhi kwa malipo. Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha mtandaoni. Andika jina lake uone kama ana cheti cha mwaka huu. Cheti hutolewa kila mwaka, kwa hiyo cha mwaka juzi kilichotundikwa ukutani hakitoshi.

Akiwa ni wakili kweli, basi anatoza chini ya kiwango, na hilo lenyewe ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo. Wakili anaweza kukubaliana nawe kwa zaidi ya kiwango, lakini haruhusiwi kushuka chini yake. Na mtu anayefanya kazi ya elfu thelathini na tano kwa kumi na tano atapunguza mahali fulani. Mara nyingi anapunguza pale usipopaona: sachi haifanywi, au faili la msajili halifunguliwi.

Mimi na muuzaji tunajuana. Kwa nini tusitumie wakili mmoja?

Hutokea, hasa baina ya jamaa na majirani. Mimi siipendi. Mambo yakienda sawa hakuna anayehisi tofauti. Yakikwama, tuseme muuzaji amechelewesha cheti cha kaunti cha kutodaiwa au mnunuzi amechelewesha salio, huyo wakili mmoja atamwandikia nani barua ya onyo? Atalazimika kujitoa, na nyote wawili mtaanza upya na mawakili wapya, kwa ada mpya. Kama kweli fedha hazitoshi, afadhali mnunuzi awe na wake, kwa sababu yeye ndiye anayetoa fedha na kusubiri hati.

Mimi ndiye muuzaji. Nalipa nini?

Unamlipa wakili wako kwa kiwango kile kile pamoja na VAT. Unalipa dalali kama mlielewana hivyo. Unalipa madeni yote ya nyumba: reti (kodi ya mali inayolipwa kaunti) za Kaunti ya Mombasa, kodi ya ardhi ya serikali kama hati yako ni ya kupangishwa kwa miaka, na rehani kama ipo benki. Reti ndizo zinazowaangusha watu. Mtu hajalipa miaka mingi, riba imekua, na bila cheti cha kutodaiwa uhamisho hauandikishwi. Nenda kaunti ujue deni lako kabla ya kutangaza bei.

Kisha kuna kodi ya faida ya mtaji. Ilirudishwa mwaka 2015 ikiwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Inatozwa kwenye faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama zako, na ni ya muuzaji. Hapa ndipo karatasi za zamani zinapogeuka kuwa fedha, kwa hiyo nitaipiga hesabu yote.

Tuseme ile nyumba ya Bamburi uliinunua milioni 2.6 na sasa unaiuza 4.8. Ulipoinunua ulitumia 160,000 kwa ushuru wa stempu na wakili. Ulijenga ukuta na kuchimba kisima kwa 340,000. Sasa wakili wako ni 111,360, na dalali mmekubaliana asilimia 3, yaani 144,000. Ukijumlisha na bei uliyonunulia, gharama zako ni 3,355,360. Faida ni 1,444,640, na kodi yake ni 216,696.

Mwenzako aliyetupa risiti zote ataonyesha bei ya kununulia peke yake. Faida yake itasomeka milioni 2.2, na kodi itakuwa 330,000. Tofauti ni 113,304, na ada yote ya wakili pamoja na VAT ni 111,360. Kwa hiyo risiti zilizowekwa vizuri zinaweza kumlipa wakili wako. Weka ya fundi, ya sorovea, ya wakili wa kununulia, hata kama nyumba huna nia ya kuiuza leo.

Wapo wasiolipa kodi hii. Nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuuza imesamehewa. Vilevile ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3. Lakini msamaha huombwa kwa ushahidi, haujileti. Bili za maji na umeme zenye jina lako zinasaidia.

Nyumba ninayoitaka Majengo ni nyumba bila ardhi. Hesabu ni ile ile?

La, na swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu ni la kwetu hasa.

Katika Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe na kwingineko, ziko nyumba nyingi ambazo jengo ni la mtu mmoja na ardhi ni ya mwingine. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kila mwezi kwa mwenye ardhi. Desturi hii ni ya miaka mingi pwani na mahakama zimeitambua. Ila unachonunua hapo ni kuta, paa na ruhusa ya kukaa. Hupati hati miliki ya ardhi kwa jina lako, na bei huwa ndogo kwa sababu hiyo.

Kwa upande wa gharama, wakili anaandaa mkataba wa kuuza jengo badala ya uhamisho wa ardhi, na kazi yake nyingi inahamia mahali pengine. Anahitaji kibali cha maandishi cha mwenye ardhi kwamba anakukubali wewe kama mpangaji wake mpya. Wenye ardhi wengi hudai ada ya kubadilisha jina kwenye daftari lao. Uliza ni ngapi na nani ataitoa kabla hamjaandikiana. Anahitaji stakabadhi za kodi za muuzaji, ili deni lake lisikuangukie. Na anahitaji kufanya sachi ya ile ardhi yenyewe, jambo ambalo watu hulikataa kwa kusema "mimi sinunui ardhi, sachi ya nini?" Ya kujua kama anayekusanya kodi ndiye mwenye ardhi kweli. Ya kujua kama ardhi haijawekwa rehani benki au haijauzwa kwa mtu anayetaka kujenga ghorofa.

Ukisikia nyumba ya milioni moja na wakili anataka elfu hamsini na kitu kwa kazi hii, usione ni nyingi. Nyumba bila ardhi inahitaji uangalifu zaidi kuliko fleti yenye hati safi, kwa sababu ulinzi wako wote umo kwenye maandishi mtakayoandikiana. Kama mwenye ardhi yuko tayari kukuuzia na kiwanja, hata baadaye, mwombe wakili aliingize neno hilo kwenye kibali.

Nyumba bado iko kwa jina la marehemu baba. Tunaweza kuiuza?

Si mara moja. Sheria ya mirathi hairuhusu nyumba wala ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Familia za Kiislamu zinaweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Wengine huenda kwa hakimu au Mahakama Kuu kulingana na thamani ya mali. Kwa kawaida uthibitisho husubiri miezi 6 baada ya hati kutolewa, na warithi wakigombana husubiri zaidi.

Ada ya mirathi ni bili nyingine kabisa, mbali na ada ya kuuza. Usichanganye. Warithi wanaopanga kuuza nyumba ya Old Town au ya Tudor wakagawana wanapaswa kuhesabu mirathi kwanza, reti pili, halafu uhamisho. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nyumba nyingi za familia Mombasa zimekaa kwa jina la babu vizazi viwili, na kila kizazi kinachopita kinaongeza warithi wa kutia saini.

Wewe mnunuzi, ukiambiwa "sisi watoto wote tumekubali, tupe arbuni tukafanyie mirathi", kataa. Au, kama lazima, arbuni ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili hadi uthibitisho utoke.

Angalia pia kama nyumba ni wakfu. Mali ya wakfu haiuziki kama mali nyingine, na Tume ya Wakfu ndiyo ya kuulizwa.

Kwa nini wakili anataka fedha za kuchunguza historia ya ardhi? Sachi haitoshi?

Zamani ilionekana yatosha. Leo haitoshi, na kesi iliyobadilisha mambo ilitoka hapa hapa.

Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja kilicho Nyali karibu na ufuo. Kampuni ilikinunua na ilikuwa na hati. Mahakama ilisema kiwanja kile kiligawiwa kinyume cha utaratibu tangu mwanzo, kwa kuwa kilikuwa nafasi ya umma, na hati iliyozaliwa na ugawaji mbaya haimlindi hata aliyenunua baadaye. Mnunuzi anatakiwa aangalie hati ilivyopatikana tangu mzizi wake.

Ndiyo maana wakili mwangalifu atataka kuliona faili lote: barua ya ugawaji, ramani ya sorovea, uhamisho wa kila mwenye kiwanja aliyetangulia. Kwa hati za Mombasa, zile zenye namba za CR, za MN kwa bara ya kaskazini au MS kwa bara ya kusini, faili linaweza kurudi nyuma miaka mingi sana. Hati ikiwa imeshaingizwa kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, sachi ni ya haraka. Kama bado, mtu atakwenda kwenye ofisi ya ardhi na kusubiri. Kazi hiyo ina bei, na mimi naona ndiyo fedha yenye faida kuliko zote kwenye bili, zaidi sana kwa viwanja vya ufuoni na vile vilivyo karibu na shule, barabara au nafasi ya wazi.

Kwa viwanja vya skimu za makazi, yaani ardhi ambayo serikali iliwagawia watu, ulizia pia deni la mfuko wa makazi wa serikali. Hati yaweza kuwa imetoka na deni halijafutwa.

Nanunua fleti kwa mjenzi, bado inajengwa. Mbona naambiwa nimlipe na wakili wake?

Ni desturi ya wajenzi wengi: mnunuzi wa fleti hulipa ada ya wakili wa mjenzi kwa kuandaa hati ya upangaji wa miaka mingi, kisha humlipa na wake. Kwa hiyo makadirio yako ya wakili yaweza kukaribia mara mbili. Soma barua ya ahadi anayokupa mjenzi kabla ya kulipa cha kuhifadhi nafasi. Gharama hiyo huandikwa humo, mara nyingi ukurasa wa nyuma.

Uliza fleti itatoka na hati ya aina gani. Kwa Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, kila fleti inaweza kuwa na hati yake yenyewe. Majengo ya zamani Nyali, Kizingo na Tudor mengine bado yako kwenye mfumo wa zamani, ambapo unapata upangaji wa miaka mingi pamoja na hisa katika kampuni ya usimamizi. Kubadilisha kuwa hati ya sehemu kuna gharama. Mkubaliane ni ya nani.

Nachukua mkopo wa benki. Gharama zinaongezeka?

Ndiyo. Benki ina wakili wake wa kuandika rehani, na ada yake unailipa wewe. Kuna ushuru wa stempu wa rehani, asilimia 0.1 ya mkopo: kwa mkopo wa milioni 3.5 ni shilingi 3,500, kiasi kidogo. Kuna mthamini kutoka orodha ya benki.

Waliochagua ufadhili usio na riba wa benki za Kiislamu, ambapo benki na mteja hununua kwa ushirika na mteja akaununua upande wa benki polepole, nao wana hati za kuandaliwa. Uliza moja kwa moja kama nyumba itahamishwa mara moja au mara mbili, na ushuru utakuwaje.

Kiwanja kiko Mtwapa au Ukunda. Ushuru ni asilimia 4 au 2?

Ardhi ya mjini ni 4, ya mashambani ni 2. Mpaka hauonekani kwa macho; yako maeneo ya Kilifi na Kwale yaliyojaa nyumba lakini hati bado inasema ni ya kilimo. Ardhi ya kilimo inahitaji pia kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, kinachoombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali hicho mauziano ni batili, kwa hiyo usikidharau.

Mke wangu lazima atie saini?

Kama nyumba ni ya ndoa, kibali cha mwenzi kinahitajika, awe mke au mume. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, waambie mawakili mapema. Gharama yake ni ndogo. Kukosekana kwake ndiko ghali.

Mimi niko Dubai. Ndugu yangu anaweza kunisimamia?

Anaweza, kwa hati ya kumpa mamlaka ya kukutilia saini. Uitie saini mbele ya mthibitishaji wa hati huko uliko, iletwe Mombasa, ilipiwe stempu na kuandikishwa. Iandike kwa nyumba hiyo moja tu na kwa kazi hiyo moja. Fedha za nyumba zisipite kwa ndugu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Zitume kwenye akaunti ya wateja ya ofisi ya wakili. Unamwondolea ndugu yako mzigo wa kuulizwa.

Kama wewe si raia wa Kenya tena, katiba inakuruhusu ardhi ya kupangishwa isiyozidi miaka 99. Mwambie wakili hali ya uraia wako siku ya kwanza.

Nalipa lini, na kwa nani?

Kwa desturi arbuni ni asilimia 10 ya bei, hutolewa siku ya kutia saini mkataba, na hushikwa na wakili wa muuzaji hadi mwisho. Ukamilishaji huwa ndani ya siku 90. Ofisi nyingi hutaka sehemu ya ada mwanzoni. Ushuru wa stempu hulipwa uhamisho ukishatiwa saini, ndani ya siku 30, na ukichelewa kuna faini.

Lipa kwenye akaunti ya ofisi, upewe stakabadhi yenye jina la ofisi. Namba ya M-Pesa ya karani haifai hata kwa fedha za sachi. Na mkataba uwe wa maandishi, wenye saini zenu na mashahidi. Mauziano ya ardhi ya mdomo hayadaiki mahakamani, hata yakishuhudiwa na mtaa mzima.

Mauziano yakivunjika, narudishiwa ada?

Ushuru usiolipwa na fedha ambazo hazijatumika ni zako. Ada ya kazi iliyokwisha fanywa ni ya wakili. Arbuni yenyewe hufuata mkataba, na ndiyo maana kifungu cha kuvunja mkataba kinafaa kusomwa polepole kuliko vyote.

Bili imekuja kubwa kuliko tulivyokubaliana. Nifanyeje?

Omba kwa maandishi bili iliyochanganuliwa, kila kitu mstari wake. Ofisi nyingi hurekebisha hapo. Msipoelewana, bili inaweza kupelekwa kwa naibu msajili wa Mahakama Kuu aikague na kuikata. Kama kuna udanganyifu, au fedha zako zimeshikwa bila sababu, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na haihitaji wakili mwingine kuiandikia.

Nimwandikie wakili vipi kumwomba makadirio?

Waweza kunakili haya, ubadilishe yanayokuhusu, uyatume kwa ofisi mbili au tatu:

"Assalaam aleikum / Hujambo wakili. Nataka kununua nyumba iliyoko Bamburi kwa shilingi 4,800,000. Namba ya hati ni hii, na nakala nimeambatisha. Sichukui mkopo. Naomba makadirio kwa maandishi: ada yako na VAT, ushuru wa stempu, sachi na uchunguzi wa faili la ardhi, usajili, na gharama nyingine yoyote unayoitarajia, kila moja peke yake. Naomba pia unieleze gharama zipi zinaweza kuongezeka na kwa sababu gani, nani katika ofisi yako atakayeshughulikia faili langu, na akaunti ya kulipia. Sitatoa arbuni kabla ya kupata jibu lako."